DAKTARI COOK WA MENGO NA MADAFTARI YAKE

Mtu akitoka Feri kwa miguu, akaliacha soko la samaki nyuma yake na kuifuata pwani kupita Ikulu, hachelewi kufika Hospitali ya Ocean Road. Jengo lile la kale Wajerumani walilifungua mwaka 1897, kwa ajili ya wagonjwa wa Kizungu. Watu weusi na Wahindi walikuwa na yao, Hospitali ya Sewa Haji, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, ambaye alifariki mwaka huo huo wa 1897. Hiyo ndiyo mama wa Muhimbili ya leo, na jina lake lingali limebaki pale kwenye wodi. Na mwaka huo huo tena, mbali sana na bahari, juu ya kilima cha Namirembe katika nchi ya Buganda, daktari mmoja ambaye hakuwa ametimiza miaka 27 alianza kutibu watu katika nyumba ya matete. Huyo ndiye Albert Ruskin Cook, na habari zake ndizo ninazotaka kuwasimulia.

Lililonikumbusha habari hizi ni jambo dogo. Jirani yangu mmoja, mama anayekaanga samaki pale Feri, alilazwa hospitali mara mbili katika mwaka mmoja. Mara ya pili faili lake halikuonekana. Akaulizwa kila kitu upya, naye hakulikumbuka jina la dawa iliyomvimbisha uso safari ya kwanza. Kidogo tu apewe ile ile. Bahati nzuri binti yake alikuwa amekihifadhi kikaratasi, amekifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli. Hospitali yenyewe siitaji, maana siku ile wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima, na mmoja wao alikuwa hajala tangu asubuhi. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani nilimfikiria Daktari Cook na madaftari yake.

Alizaliwa Hampstead, London, mwaka 1870. Alisoma Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, akamaliza mwaka 1895. Angeweza kupata kazi nzuri kwao na kustarehe. Badala yake alijitoa kwa Chama cha C.M.S., akapangiwa Uganda. Sisi wa pwani mababu zetu walipata Injili kwa mikono ya wamisionari wa U.M.C.A., waliokaa Unguja, Magila na Masasi. Wale wa C.M.S. walikuwa na bara, Mpwapwa na Uganda. Siku hizo vyama hivi viwili havikuwa na mapenzi makubwa sana, kila kimoja kikiuona uvumba au ukavu wa mwenzake kuwa umezidi. Leo sisi sote ni Waanglikana, na Daktari Cook ni wetu pia.

Mwaka 1896 kundi lao likateremka Mombasa. Reli ya Uganda ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujengwa, na isingefika Kisumu hadi mwaka 1901. Kwa hiyo walitembea, yapata kilomita 1,300, wakifuatana na wapagazi waliobeba mizigo yao kichwani, na dawa na vyombo vya kupasulia vikiwa humo humo. Katika msafara ule alikuwamo muuguzi, Bibi Katharine Timpson, aliyefunzwa katika hospitali ya Guy's ya London. Mkumbukeni mama huyu, maana nusu ya habari hizi ni yake. Walifika Mengo mwezi Februari 1897. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1900, walioana.

Daktari Cook hakupumzika. Siku chache tu baada ya kufika alifungua mahali pa kutolea dawa, na mwezi wa Mei hospitali ikaanza kulaza wagonjwa, kuta zake matete na paa lake nyasi. Vitanda havikufika ishirini. Watu wakamiminika, wenye vidonda, wenye homa, waliopigwa mikuki, vipofu walioongozwa na watoto. Bibi Timpson akawa mkuu wa wauguzi wakati wauguzi wenyewe hawajapatikana.

Na tangu mwanzo Cook aliandika. Kila aliyelazwa alikuwa na ukurasa wake: jina, atokako, alikuja na nini, daktari ameona nini, amepewa nini, na mwisho wake umekuwaje. Penye uvimbe wa ajabu alichora picha kwa mkono wake. Aliyepona aliandikwa amepona na aliyekufa aliandikwa amekufa, hata kama alikufa baada ya kupasuliwa na Cook mwenyewe. Tuseme kweli, kuandika kushindwa kwako mwenyewe si jambo jepesi. Ni nani angekuja kumwuliza, kule kilimani, mwaka 1897? Serikali yenyewe ilikuwa changa. Angeweza kuandika waliopona tu, na wafadhili wake Uingereza wangefurahi na kutuma fedha zaidi.

Alijifunza Kiganda haraka, tena si kwa ajili ya kuhubiri peke yake. Alitunga kitabu cha maneno ya kitabibu kwa Kiganda, ili daktari mgeni aweze kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi na tangu lini, na kumweleza dawa inavyotumiwa. Kila aliyewahi kutibiwa kwa lugha asiyoielewa atajua thamani ya kitabu kama hicho.

Mwaka ule wa kwanza haukuwa wa amani. Mwezi Julai Kabaka Mwanga aliasi, na baadaye askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Waingereza wakaasi kule Busoga. Cook alikwenda kuwahudumia majeruhi. Mwezi Desemba aliuawa vitani George Pilkington, aliyefanya kazi kubwa ya kuitafsiri Biblia kwa Kiganda, na ambaye alikuwa rafiki wa wote pale Namirembe.

Mwaka 1899 ndugu yake, Daktari John Howard Cook, alikuja kumsaidia. Ndipo mwaka 1901 ndugu hao wawili walipoletewa wagonjwa ambao hawakuwa wamewaona bado katika nchi ile. Walikuwa wakikonda, wakisinzia mchana, mwishowe hawakuamka. Ulikuwa ugonjwa wa malale. Waliandika walichokiona na kutoa habari. Katika damu ya wagonjwa hao walikuta vijidudu vya filaria, na wataalamu wa London walikwisha kudhani kwamba filaria ndiye chanzo. Haikuwa hivyo. Mwaka 1903, baada ya kazi ya Castellani na ya David Bruce, ilijulikana kwamba malale huletwa na kijidudu kingine kiitwacho tripanosoma, na mbung'o ndiye anayekisambaza. Dhana ya kwanza ilianguka, lakini maandishi ya akina Cook yalibaki na kazi, kwa sababu waliandika walichokiona, na dhana wakaiweka pembeni kama dhana. Msiba wenyewe ulikuwa mkubwa mno: watu zaidi ya 200,000 walikufa Busoga na kandokando ya ziwa, na visiwa vikabaki bila watu.

Wakati huo huo, mwezi Novemba 1902, radi iliipiga hospitali mpya, na nyasi za paa zikawaka moto. Hospitali ikateketea. Wakaanza upya, na mwaka 1904 wakapata jengo jingine. Wale wanaojua nyumba za nyasi hawahitaji kuelezwa ni kwa nini safari hii hawakurudia paa la zamani.

Sasa nimrudie Mama Cook. Alikuwa mkuu wa wauguzi wa Mengo hadi mwaka 1911. Katika miaka ile aliona jambo moja lililomwumiza: wanawake waliletwa hospitali wakati uzazi umeshindikana, baada ya siku mbili au tatu, wengine wakiwa wamebebwa kwenye machela kutoka vijiji vya mbali. Mtoto alikwisha kufa, na mama naye alikuwa njiani. Daktari awe hodari namna gani, hapo hana analoweza. Msaada ulitakiwa kule kule kijijini, siku ya kwanza ya uchungu, kwa mkono wa mwanamke anayeijua lugha ya mzazi na anayejua pia wakati gani asiendelee mwenyewe bali atume mtu hospitali mara moja. Nami nadhani hilo la pili ndilo gumu zaidi kufundisha. Kukata kitovu kwa kisu safi mtu hujifunza kwa siku moja.

Kwa hiyo baada ya Vita Kuu ya Kwanza walianzisha pale Mengo shule ya wakunga, ikaitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana wa Uganda wa wakati ule. Wasichana wa Kiganda walifundishwa kwa Kiganda. Kitabu hakikuwapo, basi Bwana na Bibi Cook wakakiandika, jina lake Amagezi Agokuzalisa, yaani maarifa ya kuzalisha. Waliofaulu walipelekwa kwenye vituo vidogo vijijini, na Mama Cook akawa akivizungukia kuvikagua. Hakufungua kituo na kukisahau. Akifika alitazama kama maji yanachemshwa na kama daftari la wazazi limejazwa.

Haki iwe haki, wao hawakuwa peke yao. Juu ya kilima cha Nsambya, Mama Kevin, mtawa wa Kikatoliki kutoka Ireland, pamoja na Daktari Evelyn Connolly, walikuwa wakifundisha wakunga katika miaka ile ile. Vilima viwili vilitazamana, na wanawake wa Buganda walifaidika na mashindano hayo ya Wakristo, pengine kuliko walivyofaidika na mengine yote.

Mwaka 1931 Mama Cook akafungua na shule ya wauguzi pale pale Mengo. Kumpeleka binti akawaoshe wagonjwa wasio wa ukoo wake lilikuwa jambo la kuwashangaza wazazi wengi, wakiona ni kazi ya watumwa. Alihitaji subira. Shule hizo zilikuwa na ukali wake. Wasichana walichungwa kama mayai, na makosa ya mwenendo yalihesabiwa pamoja na makosa ya kazi. Wengine leo watalaumu. Lakini ni kutoka kwao Uganda ilipopata wauguzi na wakunga wake wa kwanza wenye vyeti.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, tulipokusanyika kwenye redio na kisha kwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1978 wakuu wa afya wa dunia nzima walikutana Alma-Ata, katika nchi ya Urusi ya wakati ule, wakakubaliana kwamba afya ya msingi ianze kijijini, karibu na watu, kwa wahudumu waliofunzwa miongoni mwa watu wenyewe. Vituo vya wakunga wa Mama Cook vilikuwa vimeutangulia mkutano ule kwa zaidi ya miaka hamsini.

Vita ile ya 1914 hadi 1918 ilitugusa sisi wa Dar es Salaam kwa namna nyingine. Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa Waingereza, na wapagazi hao walikufa kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Uganda nayo ilitoa kikosi cha vijana Waafrika wa utabibu, wengi wao wakiwa wametoka shule za misheni, wakaja kuwahudumia askari na wapagazi katika nchi yetu hii. Waliifanya kazi vizuri hata wakubwa waliodharau wakanyamaza. Cook alikuwa haoni ajabu. Yeye tangu mwaka 1917 alikuwa ameanza pale Mengo kuwafundisha vijana Waafrika kazi ya udaktari, wakati madaktari wengi wa Kizungu walisema haiwezekani, au haifai. Baadaye serikali ilichukua kazi hiyo ikaiweka Mulago, na ya Mengo ikafifia. Yasemekana jambo hilo halikumpendeza, nami sishangai.

Sikusudii kumfanya malaika. Katika jambo moja alikosea, tena kosa kubwa. Mnamo mwaka 1908 daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye Kanali Lambkin alitangaza kwamba kaswende imeenea Buganda kiasi cha kutisha, na Cook aliunga mkono maneno hayo. Watu wakapimwa kwa kulazimishwa, wanawake kwa wanaume, jambo lililowaaibisha na kuwaudhi wengi. Na sifa ya taifa zima ikachafuliwa Ulaya. Madaktari wa baadaye walipochunguza upya waliona kwamba sehemu kubwa ya kilichoitwa kaswende kilikuwa buba, ugonjwa wa ngozi wanaoambukizana watoto wakicheza, usiohusiana na uasherati hata kidogo. Yaelekea mmisionari aliyezoea kuona dhambi aliona dhambi hata penye kidonda cha mtoto. Lakini tazameni jambo hili: hao waliomsahihisha waliweza kufanya hivyo kwa sababu maandishi yalikuwapo. Kama angeficha au kuchoma, kosa lake lingedumu hadi leo likiitwa ukweli.

Mwaka 1932 alipewa heshima ya kuitwa Sir, na mwaka 1934 akastaafu, lakini hakurudi Uingereza. Mama Cook alifariki mwaka 1938. Mwenyewe aliandika kumbukumbu zake, zikatoka mwaka 1945, akaendelea kuishi Kampala hadi alipoaga dunia mwezi Aprili 1951, akiwa na miaka 81. Amezikwa Namirembe, karibu na Kanisa Kuu, na hospitali i pale pale chini ya kilima.

Habari za watu wengi huishia kaburini. Za huyu haziishii hapo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala na Mkristo mwenye bidii, alitoa habari za saratani ya taya inayowapata watoto wa Afrika, ambayo sasa inajulikana kwa jina lake. Watu wakauliza kama ni ugonjwa mpya. Madaktari wakafungua madaftari ya Mengo, na humo wakawakuta watoto wale wale, wameelezwa na Cook miaka mingi kabla Burkitt hajakanyaga Uganda. Hata donda baya la ngozi liitwalo donda la Buruli, lililopata jina lake miaka mingi baadaye, Cook alikwisha kuliandika mwaka ule ule wa 1897.

Mwaka 1964 wataalamu wa Kampala walichapisha katika gazeti la madaktari wa Uingereza uchunguzi wa saratani zote zilizoandikwa Mengo tangu 1897 hadi 1956. Wengi walikuwa wakisema kwamba Mwafrika wa zamani hakuwa na saratani, kwamba imekuja na ustaarabu wa Kizungu. Kurasa zile zilionyesha kwamba ilikuwapo tangu mwanzo, na kwa aina zile zile. Kwa sisi wa mtaa huu jambo hilo liko karibu, kwa kuwa ile Ocean Road niliyoitaja mwanzoni ndiyo taasisi ya saratani ya taifa letu tangu mwaka 1996. Watu hushuka kwenye basi pale Feri wakitokea mikoani, wakiuliza njia ya kwenda huko, na wengi wenu mmewaelekeza.

Siku hizi kazi hii ya kuandika na kuhakikisha inaitwa usalama wa mgonjwa, nayo ina wataalamu wake. Hospitali ya Mtakatifu Francis ya Ifakara ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani, pamoja na za London, Toronto na New Delhi, zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mambo 19 ya kuhakikishwa katika upasuaji: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla hajapasuliwa, na kabla hajatolewa chumbani. Mara nyingi muuguzi ndiye anayesoma, kwa sauti, na daktari mkuu analazimika kujibu. Mgonjwa ni nani? Anapasuliwa wapi? Kuna dawa inayomdhuru? Matokeo yalitoka Januari 2009. Katika hospitali hizo nane, kwa wagonjwa karibu 7,700 waliohesabiwa, vifo vilipungua kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila mia.

Madaftari ya Mengo yanatunzwa Makerere, katika maktaba ya madaktari iliyopewa jina la Sir Albert Cook. Wino umefifia mahali pengine, lakini michoro bado yaonekana. Na jirani yangu wa Feri amenunua daftari la shule, la kurasa 40, amemwambia binti yake aandike ndani yake kila dawa anayopewa.